Mistari Saba Nyuma ya Sentensi Moja

Msomaji mmoja wa Morogoro, mama mwenye ujauzito wa pili, ameniuliza swali linalostahili ukurasa mzima. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa njiti. Safari hii anataka kujua mambo mapema, na kwa kuwa foleni ya kliniki ni ndefu na muda wa kuzungumza na daktari ni mfupi, anasoma kwenye simu. Anauliza: yale maelezo ya afya ya Wikipedia huandikwa na nani, na huyo mwandishi huyatoa wapi?

Nusu ya kwanza ya swali ina jibu fupi. Nusu ya pili ina jibu refu, na hilo ndilo lililonifanya niketi kuandika.

Huandikwa na watu wanaojitolea. Namna kamusi elezo hiyo inavyoendeshwa imeshaelezwa mara nyingi magazetini, kwa hiyo nairuka. Ukubwa wake katika tiba, hata hivyo, bado unawashangaza hata madaktari. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2015 na James Heilman, daktari wa wagonjwa wa dharura nchini Kanada, pamoja na mwenzake Andrew West, inaonyesha kwamba mwishoni mwa mwaka 2013 Wikipedia ilikuwa na makala za tiba zaidi ya 155,000 katika lugha zaidi ya 255. Katika mwaka huo mmoja zilifunguliwa zaidi ya mara bilioni 4.88. Mgonjwa anazifungua, ndugu wa mgonjwa anazifungua, na daktari chumbani mwake anazifungua.

Miongoni mwa wanaojitolea wapo wanafunzi wa udaktari, na wengine wao hufanya kazi hiyo kama sehemu ya masomo. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kilikuwa chuo cha kwanza cha udaktari nchini Marekani kuwapa wanafunzi alama za masomo kwa kuhariri Wikipedia. Mwalimu aliyeliongoza somo hilo ni Amin Azzam. Waliolichukua walikuwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, watu walio karibu kabisa kuitwa daktari, na kwa mwezi mmoja kila mwanafunzi aliishughulikia makala moja ya ugonjwa au dawa. Aliisoma kama mgonjwa atakavyoisoma, akatafuta palipokosewa, palipochakaa na pasipoeleweka, kisha akaingia kazini.

Azzam na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2017. Wanafunzi 43 walihariri makala 43 na kufanya mabadiliko 1,528. Katika miezi ileile waliyokuwa wakihariri, makala hizo zilifunguliwa mara 1,116,065. Baada ya hapo zikafunguliwa karibu mara milioni 22. Sidhani kama kuna daktari mwingine wa umri wao aliyewahi kuzungumza na watu wengi kiasi hicho. Na kuna takwimu ndogo zaidi ambayo mimi naiona ndiyo moyo wa kazi yote: waliongeza vyanzo bora, wakafuta vyanzo dhaifu, na baada ya kutoa walivyofuta, makala hizo zikabaki na tanbihi 274 zaidi ya zilizokuwapo.

Chanzo dhaifu ni kipi? Hapa ndipo wanafunzi wengi hushtuka. Katika makala za tiba, Wikipedia ina kanuni kwamba sentensi inayosema dawa fulani inaponya haifai kuegemezwa juu ya jaribio moja, hata kama jaribio hilo limechapishwa jana katika jarida linaloheshimika kuliko yote. Egemeza juu ya mapitio yaliyokusanya majaribio mengi, au mwongozo wa tiba, au kitabu cha kiada. Mwanafunzi aliyefundishwa kufuatilia utafiti mpya kuliko wote anaambiwa sasa auweke kando na kusubiri. Kanuni hiyo inaonekana ya kikatili mpaka uone inatokana na nini, na mfano bora ninaoujua unahusu watoto njiti.

Mwaka 1969 huko Auckland, New Zealand, mtafiti Graham Liggins alikuwa akichunguza kinachoanzisha uchungu wa kuzaa kwa kondoo. Aliwapa vijusi vya kondoo homoni ya jamii ya kotisoni. Mwanakondoo mmoja alizaliwa mapema mno, katika umri ambao mapafu yake yalipaswa kuwa yamenywea kabisa, naye akawa anapumua. Liggins aliacha swali alilokuwa nalo akalifuata hili jipya. Pamoja na daktari wa watoto Ross Howie alifanya jaribio kwa wajawazito 282 waliokuwa hatarini kujifungua kabla ya wakati: kwa kura, wengine wakapewa sindano za betamethasoni na wengine hawakupewa. Matokeo yalitoka mwaka 1972. Katika kundi lisilopata dawa, asilimia 15 ya watoto walifariki katika siku zao za mwanzo. Katika kundi lililopata dawa, asilimia 3.2.

Ungetarajia kwamba kufikia mwaka 1975 sindano hiyo ingekuwa katika kila wodi ya wazazi. Haikuwa hivyo. Watafiti wengine walirudia jaribio, kama inavyotakiwa, lakini majaribio yao mengi yalikuwa madogo, na mengi kati ya hayo, yakisomwa moja moja, hayakuonyesha tofauti ya wazi. Daktari aliyesoma moja alisema inasaidia. Aliyesoma jingine alisema haijathibitika. Wote wawili walikuwa wamesoma kwa uaminifu. Miaka ikapita.

Kuona tatizo lilikuwa wapi, tuchukue jioni ya tarehe 29 ya Ramadhani, na tuipe kamati ya mwandamo kazi ya kufanya hesabu badala ya hukumu ya sheria. Kuanzia Lamu hadi Kilwa watu wako juu ya mapaa na vilimani, macho yote magharibi, wanatafuta hilali, yaani mwezi mwandamo. Anga ina mawingu. Mtu wa Lamu anapiga simu: ameona kitu chembamba kama uzi, kisha wingu likakifunika, hawezi kuapa. Wa Malindi vivyo hivyo. Wa Tanga anasema huenda, wa Bagamoyo anasema huenda. Zinafika simu saba. Ukimsikiliza kila mmoja kivyake, kila mmoja utamwambia kwamba hukuona cha kutosha, kesho tunafunga. Ukimaliza kuwakatalia wote, utajikuta umehitimisha kuwa watu saba hawakuuona mwezi.

Sasa wasikilize pamoja. Waulize walitazama wapi. Watu saba wasiojuana, katika miji saba, kila mmoja na shaka yake, wameelekeza kidole pahali palepale pa anga, kwa kimo kilekile, na pembe za hilali zikielekea upande uleule. Kama ni macho tu yaliyowadanganya, udanganyifu huo ungetawanyika: mmoja angeona kusini zaidi, mwingine juu mno, mwingine angeona pembe zimegeuka. Makosa ya watu wasiowasiliana hayana sababu ya kufanana, kwa hiyo hukinzana na kufutana. Kile walichokiona kweli hakifutiki, maana kila simu inakiongezea nguvu. Shaka saba zilizokusanywa vizuri huzaa uhakika ambao hakuna hata mmoja wa mashahidi aliyekuwa nao.

Kamati hodari haihesabu simu tu. Inauliza kila mtu alikuwa na anga ya namna gani. Mtu wa Pemba aliyesimama juu ya kilima, mawingu yakafunguka, akautazama mwezi kwa utulivu, neno lake lina uzito kuliko la mtu aliyechungulia kati ya minazi miwili. Kwenye tiba, anga safi ni wingi wa wagonjwa: jaribio lenye mamia ya wajawazito limeona kwa uwazi kuliko lenye makumi, na katika hesabu hupewa uzito zaidi kulingana na uwazi huo. Na kama simu tatu zingetoka Tanga, kamati ingeuliza tena: ninyi watatu, mlikuwa paa moja? Kama mlikuwa paa moja na mmoja akapaza sauti kwamba ule pale, basi ninyi ni shahidi mmoja. Ndivyo ilivyo kwa watafiti wanaochapisha jaribio lilelile mara mbili kwa vichwa viwili tofauti. Likihesabiwa mara mbili, mwezi mmoja unakuwa miwili.

Kisha linakuja swali gumu kuliko yote, nalo ndilo linalonifanya niwavulie kofia wanaofanya mapitio ya majaribio. Aliyeuona mwezi hupiga simu. Aliyetazama saa nzima asione kitu hukunja mkeka na kurudi nyumbani. Kamati inayokaa na kungoja simu itasikia habari za kuonekana tu, na itatangaza sikukuu hata mwezi usipokuwepo. Majaribio ya dawa yana maradhi hayohayo: lililopata matokeo mazuri hukimbizwa jaridani, na lililotoka patupu hulala ndani ya kabati. Kwa hiyo anayefanya mapitio ya kweli hangoji. Anatafuta orodha ya kila aliyetoka kwenda kutazama, anawapigia yeye mmoja mmoja, na aliyenyamaza anamwuliza kwa mkazo kuliko aliyesema. Ni sharti pia wote wawe wametazama jioni moja. Majaribio ya wagonjwa tofauti na vipimo tofauti vya dawa hayachanganywi ovyo.

Kazi hiyo kwa sindano ya watoto njiti ilifanywa na daktari Patricia Crowley wa Ireland na kuchapishwa mwaka 1989. Ulikuwa umepita muda wa miaka 17 tangu jaribio la Auckland. Matokeo yake unaweza kuyaona leo hata kama husomi Kiingereza, kwa sababu yamegeuzwa kuwa nembo. Shirika la Cochrane, lililoanzishwa mwaka 1993 na kupewa jina la daktari Archie Cochrane wa Scotland, liliweka ndani ya nembo yake ya mwanzo mchoro wa majaribio saba ya sindano hiyo. Katikati umesimama mstari wima, unaomaanisha dawa haina tofauti. Kuna mistari saba ya mlalo, mmoja kwa kila jaribio. Mstari mrefu ni jaribio lenye shaka nyingi, mfupi ni lenye uhakika zaidi. Mstari wa mlalo ukigusa ule wa wima, jaribio hilo peke yake halikuamua kitu, na kadhaa inagusa. Chini yake iko almasi ndogo, majibu ya yote saba yakiwa pamoja. Almasi iko upande wa kushoto, mbali na mstari wima, haiugusi. Ina maana kwamba dawa inaokoa. Kwa maelezo ya Cochrane wenyewe, dawa hiyo hupunguza uwezekano wa watoto hao kufa kwa asilimia 30 hadi 50, na huenda makumi ya maelfu ya njiti waliteseka au kufa bure katika ile miaka ambayo hakuna aliyewasikiliza mashahidi wote kwa pamoja.

Hesabu hiyo ya almasi inahitaji jina la Kiswahili, na sijaridhika na yaliyopo. Kazi ya kutafuta majaribio yote wengi huiita mapitio ya kimfumo, nami nakubali. Lakini hatua ya kuyaunganisha kwa uzito wake nimeona ikiitwa uchambuzi meta, ambao unamwacha msomaji na nusu ya neno isiyosema kitu, na pia uchambuzi wa chambuzi, ambao unasema uongo, maana kinachounganishwa ni matokeo ya majaribio yenyewe. Jumla nayo haifai: katika jumla kila kimoja huhesabiwa sawa. Mimi natumia jumuisho. Kitenzi chake tayari tunacho, na ndani yake mna maana ya kuleta pamoja vitu visivyolingana ukubwa.

Sasa yule mwanafunzi wa San Francisco anaeleweka. Anapokuta katika makala ya Wikipedia sentensi inayotegemea jaribio moja, anachokiona ni simu moja iliyofika kwa kamati. Anaifuta au anaifunga upya kwenye jumuisho. Cochrane na wahariri wa tiba wa Wikipedia wanashirikiana tangu mwaka 2014 kwa kazi hii hasa, ili mapitio yanapotoka yafike kwenye sentensi anayoisoma mgonjwa. Msomaji wangu wa Morogoro anaweza kujaribu mwenyewe: ile tarakimu ndogo mwishoni mwa sentensi, akiigusa, humfungulia jina la chanzo. Akiona ni mapitio au mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa miaka ya karibuni, sentensi hiyo ina kitu nyuma yake. Akiona ni habari ya gazeti au tovuti inayouza virutubisho, aendelee mbele.

Kuhusu kudumu kwa kazi yao, Azzam anaripoti kwamba kufikia Julai 2016 hakuna mchango hata mmoja wa wanafunzi 28 wa mwanzo uliokuwa umerudishwa nyuma au kuharibiwa. Makala nyingi pia zilikuwa rahisi zaidi kusoma. Hilo la pili liliwatesa wanafunzi kuliko nilivyotarajia. Walitaka makala ziwe kamili, na ukamilifu huleta maneno mazito, na maneno mazito huzuia makala isitafsirike. Mtu anayeandika kwa Kiingereza huko California, akijua kwamba aya zake za mwanzo huenda zikahamishiwa lugha nyingine, hulazimika kuchagua sentensi fupi. Heilman na kundi lake waliuweka mpango wao mzima wa kutafsiri makala za tiba juu ya hilo: kwanza aya za utangulizi zinarahisishwa, ndipo zinapokabidhiwa kwa watafsiri wa kujitolea.

Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu mwaka 2003, na wanafunzi wetu waliwahi kuijaza kwa nguvu: mwaka 2009 Google iliandaa shindano la makala za Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Cochrane nao wameweka muhtasari wa baadhi ya mapitio yao kwa Kiswahili chepesi. Kwa hiyo barabara imechongwa. Ninachokililia ni wanafunzi wa udaktari wa Muhimbili, Bugando, Moshi, Eldoret na Nairobi kupewa alama kwa kazi hii, kama wenzao wa San Francisco. Hawa wanazungumza na wagonjwa kwa Kiswahili kila siku. Wanajua kwamba mama anasema mtoto njiti, anasema chupa imepasuka, anasema presha imepanda. Watafsiri wengi wa mbali hawajui.

Nao wana la kusema ambalo San Francisco haina. Mwaka 2015 utafiti uliofanyika katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo, ulionyesha kwamba sindano hizi zikisambazwa mahali penye huduma hafifu hazikuokoa kama ilivyotarajiwa, na vifo vya watoto kwa jumla viliongezeka. Kisha likaja jaribio la Shirika la Afya Duniani katika hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, lenye wanawake 2,852 na dawa ya bei nafuu ya deksamethasoni. Lilichapishwa mwaka 2020. Watoto waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 19.6 kwa waliopata dawa na asilimia 23.5 kwa wasiopata. Kwa kila wajawazito 25 hivi waliochomwa sindano, mtoto mmoja zaidi aliishi. Zamu hii pia Kenya ilikuwa miongoni mwa mashahidi.

Kwa mama wa Morogoro maana yake ni hii: katika hudhurio la kwanza la kliniki aseme kwamba mtoto wa kwanza alizaliwa njiti, ahakikishe imeandikwa kwenye kadi, na aulize kuhusu kipimo cha ultrasaundi mapema ili umri wa mimba ujulikane kwa hakika. Sindano hii hutolewa kwa kuhesabu wiki, na wiki zikikosewa, dawa nayo hukosea mtu.

Na kwa mwanafunzi yeyote wa mwaka wa mwisho anayenisoma, hizi hapa sentensi mbili ambazo ningependa mtu azikute kwenye simu kwa Kiswahili: Deksamethasoni, akichomwa mama anayeelekea kujifungua kati ya wiki ya 24 na ya 34, hupunguza uwezekano wa mtoto njiti kufa. Hutolewa hospitalini, pale ambapo umri wa mimba unajulikana vizuri, mama hana dalili za maambukizi, na mtoto atapata huduma ya kupumua, joto na lishe baada ya kuzaliwa. Tanbihi ya sentensi ya kwanza iende kwenye mapitio ya Cochrane, ya pili iende kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022. Kabla ya kuzichapisha msomee mkunga mmoja na mjamzito mmoja, na neno watakalokwama nalo libadilishe.